Imeiva, Lakini Ipi?

Siku niliyorudisha mabuti na koti stoo, vijana wa maabara waliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nadhani walitaka maneno ya busara. Nitawapa ninachokijua vizuri, yaani jinsi ya kuutambua muwa ulioiva na sukari iliyoiva. Halafu nitawapa nisichokijua, ambacho ni kingi zaidi. Katikati nitawasimulia habari za shamba la mama mmoja wa karibu na Ahero, lililokatwa msimu ambao mashamba mengine yasiyopitiwa na moto yaliachwa yasimame, na yote kwa sababu ya neno moja. Neno hilo nililitamka mimi mwenyewe, tena nikiwa na akili zangu timamu. Hadi leo siwezi kueleza sawasawa yaliyotokea, nanyi mnajua mimi ni mtu wa kueleza.

Nilikuja kiwandani mwanzoni mwa miaka ya themanini nikiwa tayari mtu mzima mwenye watoto, baada ya kufundisha shule ya msingi bila kusomea ualimu. Ndiyo maana nimeitwa Mwalimu muda wote huu, ingawa wengi wenu hamjawahi kuniona na chaki. Siku ya kwanza nilipandishwa ngazi za chuma hadi sakafu ya juu, jikoni, pale sukari inapopikwa. Kutoka nje niliijua harufu ya kiwanda, maana ukiwa njiani kutoka Kisumu pua inakuambia umefika kabla ya macho. Ndani ilikuwa kitu kingine. Harufu ilikuwa nzito hadi unahisi unaitafuna, joto lilinipanda kutoka kwenye nyayo, na kelele zilinifanya nisahau nimekuja kufanya nini.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Wafula, mpishi mkuu wa sukari, mtu wa Bungoma mwenye mwili mkubwa na taulo shingoni.

"Wewe ndiye mwalimu?" akapiga kelele sikioni mwangu.

"Ndiyo, Mzee."

"Mwalimu wa nini?"

"Hesabu na Kiswahili."

"Hesabu itakusaidia," akasema. "Hiyo nyingine huku juu hakuna mtu atakusikia."

Alikosea, kama mtakavyoona, lakini ni kosa pekee ninaloweza kumtajia.

Mzee Wafula alinifundisha kupika. Ninyi mna mitambo inayowasomea namba, kwa hiyo niruhusuni nieleze polepole. Maji ya miwa yakishasafishwa na kuchemshwa hadi yawe mazito kama asali, yanaingizwa katika tangi kubwa la chuma lililoondolewa hewa. Sisi tuliliita sufuria, ingawa nyumba yangu ingeingia humo na ua wake. Kwa kuwa hewa imeondolewa, maji hayo yanachemka kwa joto dogo na sukari haiungui. Sasa unatia mbegu, nayo ni unga laini wa sukari uliosagwa na kulowekwa. Kila chembe ya unga inakuwa moyo wa punje moja. Kuanzia hapo hutengenezi kitu. Unalisha tu, kidogo kidogo, punje zikue.

Kila baada ya muda Mzee alichomeka fimbo ya shaba kwenye tundu la sufuria, akachomoa uji kidogo, akaupaka juu ya kipande cha kioo na kuuinua kwenye taa. Mimi niliona matope yanayong'aa. Yeye aliona punje, ukubwa wake, na kama zimelingana. Ukiwa na haraka ukalisha vibaya, punje nyingine ndogo zinazaliwa zenyewe bila mbegu. Hizo tuliziita watoto wa nje. Zinakula chakula cha wenzao, hazikui, na mwisho zinaziba chekeche. Siku ya kwanza niliyoachiwa fimbo niliwazaa wengi kiasi kwamba Mzee alitazama kioo, akanitazama mimi, akauliza, "Mwalimu, nyumbani wanajua?"

Punje zikifika, Mzee alisema neno moja, "Imeiva," kisha akamfokea mtu wa chini, "Fungua!" Mtu wa chini akafungua vali, uji wote ukashuka kwa mshindo. Maneno hayo mawili hayakucheleweshwa. Ukichelewa, uji unagandamana ndani ya sufuria kama jiwe, na hapo mtautoa kwa mvuke na maombi.

Siku moja, nilipoona kwamba sasa naweza kupika bila kuzaa ovyo, nilimuuliza Mzee ni lini atasema na mimi nimeiva. Kiswahili kinaruhusu, mtu aliyeijua kazi tunasema ameiva. Alijifuta uso kwa taulo.

"Usiombe kuiva," akasema. "Ikiiva inatolewa."

Nilicheka. Nimeanza kuielewa mwaka huu.

Sikukaa jikoni miaka yangu yote. Wageni walipotembelea kiwanda, wakubwa waliona kwamba mimi naeleza bila kuchoka, hata kwa anayeuliza swali lile lile mara ya tatu. Nikahamishiwa mashambani, nipime miwa ya wakulima na kuwaeleza ni lini itakuwa tayari. Nilipewa kipimo cha mkononi, kama darubini fupi yenye kioo mbele. Unatoboa muwa, unadondosha tone la maji yake juu ya kioo, unatazama upande wa jua, na mstari wa kivuli unakuambia sukari iko kiasi gani.

Watu wengi hudhani muwa mtamu ndio ulioiva. Sivyo. Muwa unakuwa mtamu chini kwanza, kwenye kisigino, wakati kichwa chake bado ni maji tu. Kwa hiyo unapima chini, unapima juu. Ukikuta juu na chini vinakaribia kulingana, umeiva. Ukiuacha hapo muda mrefu unaanza kurudi nyuma. Unatoa maua, moyo wake unakauka na kuwa kama pamba, na ile sukari uliyoisubiri inakwenda usikojua. Wakulima walielewa haraka. Kidholuo nacho kina neno moja, *ochiek*, kwa tunda lililo mtini na kwa chakula kilicho motoni, kama Kiswahili. Nilidhani hilo ni jambo la kufurahisha kuwaambia wageni. Sikujua ni shimo tulilokuwa tukilizunguka kila siku.

Katika mikutano ya wakulima, chini ya mabati ya ofisi ya ugani, nilikuwa na somo langu ninalolipenda kuliko yote, faida ya kiwanda. Sikuanza na takwimu. Nilishika muwa mmoja mkononi. Niliwaambia, majani yake ni chakula cha ng'ombe na matandiko ya shamba. Makapi yake yanaingia kwenye boila na kuwasha kiwanda chenyewe, hatununui kuni. Molasi, yale maji meusi mazito yanayobaki, wanakula ng'ombe, na nyingine inakwenda kupikiwa pombe mahali ambapo chifu hajui njia, hapo wote wanacheka. Aliyepanda anaajiri mpaliliaji, mpaliliaji anakula kwa mama wa kibanda, mama wa kibanda anapanda baiskeli iliyotengenezwa na fundi aliyekuja hapa kwa sababu ya kiwanda. Mkandarasi wa matrekta, mshonaji wa mabuti, mwalimu wa shule iliyojengwa pale njia panda, wote wananing'inia kwenye muwa huu. Na tusipopika sisi wenyewe, nchi itanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni, ambazo tunazipata kwa kuuza chai. "Yaani tutauza chai," nilisema, "ili tupate sukari ya kutia kwenye chai ambayo tumeshaiuza."

Nilimaliza kila mara kwa sentensi moja. Nchi haijajitosheleza kwa sukari. Kwa hiyo kila gunia tunalotoa lina mnywaji anayelingojea.

Sentensi hiyo niliisema miaka mingi. Ilikuwa kweli nilipoisema, na nadhani bado ilikuwa kweli siku ilipoacha kufanya kazi. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka.

Katika miaka ya tisini sukari ya nje ilianza kuonekana madukani, nyeupe, laini kama chumvi. Mwanzoni tuliitazama kama mgeni wa siku moja. Halafu ghala letu likajaa. Sijui niwaelezeje ninyi mliolikuta tupu. Magunia yalifika kwenye dari. Yakawekwa kwenye korido, yakawekwa kwenye karakana ya matrekta yakafunikwa maturubai, hadi fundi mmoja akawa anapanda ngazi ya magunia ili aifikie spana yake. Wakubwa walikuja kutoka mtaa wa Milimani, Kisumu, na magari yao, wakatazama, wakapiga simu Nairobi, wakaondoka. Jikoni Mzee Wafula aliendelea kupika, lakini polepole. Nilimuuliza tunampikia nani.

"Mimi napika," akasema. "Kula si idara yangu."

Kiwanda kikaanza kusaga kidogo kidogo, na ikatolewa amri kwamba miwa iliyoungua tu ndiyo ipokewe kwanza. Ilikuwa na maana yake. Muwa uliopitiwa na moto unachacha upesi, muwa usioungua unaweza kungoja. Lakini amri ikisikika shambani inakuwa kitu kingine. Watu wakaona kwamba aliyeungua anakatiwa, asiyeungua anaachwa. Basi moto ukaanza kutokea wenyewe. Kila jioni moshi ulisimama mahali fulani pale Kano, kwenye tambarare ya kuzunguka Ahero, na mwenye shamba akaja asubuhi kutoa taarifa kwa huzuni, akiwa amevaa vizuri.

Nyar Asembo, yule mama wa karibu na Ahero, hakuweza kuchoma. Sasa nimtambulishe kwenu. Jina lake hasa mlilijua wachache. Tulimwita Nyar Asembo, binti wa Asembo, kama kule wanavyowaita wake kwa nchi walikotoka. Alikulia Asembo Bay akianika na kuuza samaki, akaolewa Kano, akajifunza muwa akiwa tayari mama, kisha akafiwa na mume. Shamba lilikuwa limeizunguka nyumba yake pande tatu, na paa la nyumba lilikuwa la nyasi. Moto wa miwa hauulizi mlango.

Na shida yake ilikuwa hii, kila mtu aliijua. Shemeji yake alitaka lile shamba. Alikuwa na mashamba ya mpunga upande wa pili wa mfereji, na alisema mbele ya wazee kwamba miwa ya mjane huyu ikishindwa kukatwa kabla ya masika, ataing'oa na kupanda mpunga, kwa sababu ardhi haiwezi kulala bure. Wazee walikubali. Muwa ukiwa umesimama na kiwanda kinauchukua, shamba ni la aliyepanda. Muwa ukifia pale, ni kama hapakuwa na mtu. Na mvua ikishaanza, ile ardhi nyeusi ya Kano inageuka kuwa gundi, trekta haliingii tena.

Nilimpimia. Juu na chini vilikuwa vimelingana zamani, na miwa michache ilikuwa imeanza kutoa maua. Nilimwambia ukweli.

"Imeiva, mama. Imeiva kabisa. Ikikaa itaharibika."

"Hiyo naijua bila kioo," akasema. "Uliniambia kila gunia lina mtu analingojea. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Sasa huyo mtu ako wapi, Mwalimu? Amechoka kungoja akaenda?"

Nilianza kumweleza. Nilimweleza habari za soko kufunguliwa, za meli, za nchi zinazozalisha kwa bei ya chini, za ushuru unaolipwa na ule ambao watu wanasema haulipwi. Alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, mikono juu ya jembe. Halafu akasema, "Hiyo yote umeniambia ni jinsi imekuja. Mimi nimeuliza yangu itaenda wapi." Wakulima wameniuliza maswali mengi, na kwa kawaida nikikosa jibu naahidi kuuliza. Hapa sikujua hata pa kuuliza.

Nilichoweza kufanya ni kazi yangu. Nilikwenda kwenye pikapu ya kiwanda, nikachukua redio ya mawasiliano, nikaita idara ya ukataji. Kule alikuwepo Ochieng', nyapara wa wakataji, mtu mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene.

"Shamba la Nyar Asembo limeiva," nikasema. "Narudia, limeiva kabisa. Likikaa litaharibika."

Akauliza, "Limeiva lote?"

"Lote."

"Pole yake. Asubuhi tuko huko."

Niliishusha redio nikaitazama. Sikuelewa pole ilikuwa ya nini. Sikuelewa pia jinsi shamba lisiloungua lilivyokubaliwa upesi hivyo, baada ya wiki nyingi za kukataliwa. Lakini mtu akipewa anachokiomba hasimami kuhoji. Nilimwambia Nyar Asembo wanakuja. Akanitazama kama mtu anayetazama mawingu yasiyo na mvua.

Asubuhi nilifika nikakuta matrekta mawili yamesimama shambani, trela tupu, na wakataji wamejipanga ukingoni mwa miwa kama watu waliofika kwenye harusi wakakuta matanga. Wengine walikuwa wamevaa kaptura. Muwa ulioungua hauna majani, unaukata hata ukiwa kifua wazi. Huu ulikuwa wa kijani, umejaa majani makali kama wembe na vinyweleo vinavyowasha.

Ochieng' alinijia akikimbia.

"Mwalimu! Ulisema imeiva!"

"Imeiva ndiyo. Chukua kioo utazame."

"Kioo ya nini? Moto iko wapi?"

"Moto gani?"

"Kuiva ni moto! Sisi miwa ikipita moto ndio tunasema imeiva. Ikiwa na majani hiyo ni mbichi!"

"Mbichi ni ile ambayo haijaiva," nikasema, na nilijisikia nikiwa mbele ya ubao tena.

"Hiyo ni ya ofisi," akasema mkataji mmoja aliyevaa kaptura. "Hapa shambani, Mwalimu, mbichi ni ile inakukata masikio. Umetuita tukufe na majani?"

Kumbe miaka yote ile nilikuwa nikiita mashamba yaliyoiva, na wao wakidhani nimekuwa nikitangaza moto. Wakati wa kawaida haikuonekana, kwa sababu shamba lililokomaa lilichomwa kwa mpango siku moja kabla ya kukatwa. Nilipokuwa nikisema limeiva, likawa limeiva kwangu na kwao. Neno lilitupitisha salama kwa bahati tu, kama watu wawili wanaozungumza kwa simu, kila mmoja akidhani yule mwingine yuko Kisumu.

Nyar Asembo alitoka nyumbani na birika na vikombe. Nadhani alikuwa amesikia yote, kwa maana Ochieng' hakujua kusema polepole.

"Nani amesema nyumba yangu imeungua?" akauliza.

"Mwalimu," wakataji wakasema pamoja.

"Sijasema nyumba!"

"Hata mimi nashukuru haijaungua," akasema. "Sasa, wanangu, mmefika. Trekta imefika. Kunyweni chai kwanza mnitukane baadaye."

Ilikuwa strungi, chai isiyo na maziwa. Haikuwa na sukari pia. Mkataji wa kaptura alionja, akatazama kikombe, akatazama miwa iliyofunika upeo wote wa macho, akatazama kikombe tena. Kisha akanywa.

Ochieng' alikunywa akiwa amesimama. Alikuwa na trela tupu mbili na njia ndefu ya kurudi, na angelazimika kueleza huko kwa nini dizeli imekwenda na haikurudi na kitu. Akatazama mawingu upande wa milima ya Nandi. Yalikuwa ya rangi ya risasi.

"Nani ako na suruali ndefu?" akauliza.

Wachache wakainua mikono. Majirani, wanawake kwa wanaume, walikuwa wamekwisha kusogea na mapanga yao bila kuitwa. Walikata, wengine wakapukuta majani nyuma yao, na mkataji wa kaptura akapewa leso ya Nyar Asembo aifunge miguuni. Alitaniwa siku nzima. Mchana ulipokuwa umeinama, trela zote mbili zilikuwa zimejaa, na matrekta yakaondoka kwenda kiwandani kushusha, kisha yarudi kuchukua nyingine.

Mimi nilitangulia na Ochieng' kwenda getini, nikijua kwamba kazi ya kweli bado. Karani wa mizani alikuwa kijana mwenye kola safi aliyeshikilia amri kama mtu anavyoshikilia mwavuli. Trela ya kwanza ilipofika, akachungulia.

"Hii ni ya kijani."

"Imeiva," akasema Ochieng', na sijawahi kusikia mtu akisema ukweli kwa uso wa uongo namna ile.

"Amri ni iliyoungua."

"Nimeipima mwenyewe," nikasema. "Juu na chini zimelingana."

"Mwalimu, mimi sipingi. Lakini geti siwezi kufungua bila mtu wa ndani kuniambia." Akainua simu kumtafuta injinia wa zamu.

Simu ya injinia, kama mnavyojua, inalia pia sakafu ya juu, pale karibu na sufuria. Injinia hakuwa mezani. Aliyeinua ni Mzee Wafula. Sisi tulikuwa upande wa huku, tukimsikia karani akipiga kelele, kwa sababu jikoni huwezi kuongea kwa sauti ya binadamu.

"Mzee! Kuna miwa ya Nyar Asembo hapa, wanasema imeiva! Nasema, IMEIVA? Nifanye nini?"

Na sauti ya Mzee Wafula ikatoka kwenye simu hadi nje ya kibanda, tukaisikia sote, hata dereva wa trekta.

"Imeiva! Fungua!"

Karani akaweka simu chini. "Amesema nifungue," akasema, akafungua.

Trela mbili zikaingia, na nyingine nyuma yake, hadi jioni ya siku iliyofuata, kwa sababu geti likishafunguliwa kwa shamba fulani linabaki wazi kwa shamba hilo. Shamba likaisha. Visiki vilibaki vimesafishwa vizuri, tayari kuchipuka. Mvua ilianza wiki hiyo hiyo, na barabara ya shambani ikafungika. Shemeji yake Nyar Asembo alikuja kusimama ukingoni akiwa na viatu vya mpira, akatazama visiki, akarudi ng'ambo ya mfereji wake.

Nilipanda jikoni kumuuliza Mzee Wafula. Nilitaka kujua alisikia nini.

"Niliulizwa kama imeiva," akasema, huku akitazama kioo chake kwenye taa. "Ilikuwa imeiva."

"Ulidhani wanauliza sufuria yako?"

"Wewe ulisema ipi shambani?"

"Mzee, ulisikia jina la Nyar Asembo au hukusikia?"

Akanionyesha sikio lake kwa kidole, kisha mashine zote zilizotuzunguka, kama kusema, mtu angesikia jina hapa? Lakini pembeni mwa mdomo wake palikuwa na kitu. Nimekitafakari hicho kitu miaka mingi. Siku nyingine nina hakika alijua. Siku nyingine nakumbuka kwamba alikuwa kweli na sufuria tayari wakati ule, na mtu wa chini alifungua vali kwa neno lile lile, sukari ikashuka. Mzee alistaafu akaenda kwao bila kuniambia, na sikumuuliza tena, maana niliogopa angenijibu.

Wiki chache baadaye Nyar Asembo alinisimamisha Ahero, sokoni. Alifungua kikaratasi cha sukari aliyonunua dukani.

"Hii ni yangu?"

Niliichukua kidogo kwenye kiganja, nikaigeuza kwenye mwanga kama nilivyofundishwa. Punje ndogo, nyeupe, zimelingana kama askari.

"Siyo. Hii ya ng'ambo."

"Imevuka bahari ikafika Ahero." Akanyoosha mkono upande wa kiwanda, bomba letu la moshi unaliona ukiwa umesimama pale. "Na yangu imeshindwa kuvuka barabara."

"Mama, ni habari ya bei na …"

"Usinieleze," akasema kwa upole. "Utachoka bure. Wewe mwenyewe huelewi, naona kwa macho."

Ilikuwa mara ya kwanza mkulima kunionea huruma. Na alisema kweli. Kila kipande ninakielewa nikikishika peke yake. Naielewa meli, naielewa bei, naielewa mashine kuukuu na hasara zake, nauelewa na ulafi wa watu. Nikiviweka pamoja haviwi kitu kimoja. Vinakataa kushikana, kama uji uliotiwa mbegu mbovu.

Kwa hiyo, ninyi mliobaki, haya ndiyo yangu machache. Mkizungumza na idara nyingine, ulizeni neno lao lina maana gani kwao, hata kama ni neno mlilozaliwa nalo. Pimeni juu na chini. Msimwambie mkulima sentensi yenye "kila gunia" ndani yake. Lakini mwelezeni bado, hata mkiwa hamjamaliza kuelewa, kwa sababu anayeelezwa nusu anajua pa kuendelea kuuliza, na Nyar Asembo ananishinda kuuliza hadi leo.

Nilikwenda kumuaga siku ya mwisho. Miwa imechipuka tena kutoka visiki vile vile, si mara moja tangu wakati ule, na imesimama kuizunguka nyumba yake pande tatu. Paa sasa ni mabati. Kipimo nilikuwa nimekwisha kukirudisha stoo, kwa hiyo alinivunjia muwa, nikautafuna chini, nikautafuna juu, kwa meno yaliyobaki.

"Imeiva?" akauliza.

"Ya kwenye kioo, ndiyo. Ya Ochieng', bado."

"Na wewe?"

"Mimi nimetolewa," nikasema. "Kwa hiyo nadhani niliiva."

Akacheka, akaleta strungi na bakuli la sukari. Nilichota kijiko, na kabla sijakitia kwenye chai mkono wenyewe ukakipeleka kwenye mwanga. Punje kubwa, rangi ya dhahabu iliyofifia, na kati yake, wachache, watoto wa nje. Ilikuwa yetu. Ningeitambua popote.

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Dukani. Imerudi."

"Imerudi? Imerudi vipi? Nani ameirudisha?"

"Mwalimu, sijui," akasema. "Koroga, chai inapoa."

Nikakoroga.